Mbegu ya Mbarika na Seli Inayokufa

Huku Rusizi mbarika tunauita ikibonobono. Katika historia ya sayansi ya damu mmea huu una nafasi yake. Mwaka 1888 Hermann Stillmark, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dorpat (leo Tartu, Estonia), alichanganya sumu ya mbegu zake na damu, chembe nyekundu zikashikamana. Kwa nini zilishikamana, hakuweza kueleza.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1936. Sumner na Howell walitumia protini ya jamii ya maharage inayoshikamanisha chembe vilevile. Walipoongeza sukari ya miwa, ikashindwa. Kumbe protini hizo, zilizopewa jina la lektini mwaka 1954, hushika sukari zilizo juu ya seli. Kwangu mimi jaribio hili dogo lina uzito kuliko lile la Stillmark.

Mwaka 1985 Duvall, Wyllie na Morris walitumia mbinu ileile kwa chembe changa za damu nyeupe zinazokufa. Walipoongeza sukari fulani, seli-walaji zilipunguza kuzishika. Ilionekana basi kwamba uso wa seli inayokufa hubadilika, na mwili wenyewe una lektini za kuyatambua mabadiliko hayo, ili seli iondolewe kabla haijapasuka na kuleta uvimbe.