Mpango wa matumizi ya ardhi na moto kichaa katika Milima ya Usambara

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji huamua mapema wapi palimwe, pachungwe, pajengwe au paachwe msitu. Katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ni njia mojawapo ya kupunguza hatari ya moto kichaa, yaani moto wa nyika uliowashinda waliouwasha.

Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyosambaa tambarare, kwa kuwa ndimi zake hukausha majani ya juu kabla ya kuyafikia. Hatari haiko sawa kila mahali. Usambara Mashariki, kuzunguka Amani, hupata mvua nyingi kutoka baharini. Usambara Magharibi, upande unaotazama tambarare za Mkomazi, ni mkavu, na huko Shume kuna shamba la misindano, mti wenye utomvu unaoshika moto upesi. Chanzo karibu kila mara ni binadamu: mkulima anayesafisha shamba kabla ya mvua, mrina asali mwenye mwenge, mchoma mkaa, mfugaji anayetaka nyasi zichipue.

Msingi wa kisheria wa mpango huo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, mkutano mkuu wa kijiji huupitisha, na sheria ndogo huupa meno. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 nayo inadhibiti uchomaji wa uoto.

Mpango mzuri huweka njia za moto, yaani kanda wazi za kuzuia moto usivuke, zinazofyekwa kabla ya kiangazi, na huacha uoto mbichi kando ya mito, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60. Migomba ambayo Wasambaa wamezoea kuzungushia nyumba husaidia pia, maana haiwaki kirahisi. Ugumu uko kwenye eneo lenyewe: wilayani Lushoto, Usambara Magharibi, mashamba ni madogo, na kila ukanda unaoachwa wazi ni shamba la mtu. Kijiji kisichokubaliana nani atatoa ardhi hubaki na ramani tu.

Mpango wa kijiji huishia mpakani mwa hifadhi. Ndani ya misitu ya hifadhi asilia ya Amani na Magamba, mamlaka ni ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na vijiji hushiriki ulinzi wake kwa makubaliano ya usimamizi shirikishi.