Solfa Yetu na Makanisa ya Wales

Mwimbaji wa kwaya yetu akiingia katika kanisa la kijijini kule Wales, atakuwa mgeni kwa karibu kila jambo. Makanisa mengi huko huabudu kwa Kiwelisi, lugha ambayo hata jirani yao Mwingereza haielewi. Hakuna ngoma wala kayamba, na hakuna anayecheza akienda kutoa sadaka. Lakini akipewa Caneuon Ffydd, kitabu cha nyimbo kilichotolewa mwaka 2001 kwa ajili ya madhehebu kadhaa, katika toleo lake la solfa, atakutana na d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha za kugawa mapigo, kama vile mwalimu wetu anavyoziandika ubaoni kila siku ya mazoezi. Maneno yatamshinda. Besi yake ataiimba bila kuomba msaada.

Undugu huu una historia. Aliyeuanza ni mwanamke, na naomba akina mama wa soprano walikumbuke hilo. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alikuwa akifundisha watoto kuimba kanisani, na mwaka 1835 akachapisha kitabu kuhusu mbinu yake. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili mjini Hull, mchungaji kijana John Curwen aliombwa atafute njia rahisi ya kufundisha watu kuimba. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Aliichukua mbinu ya Glover, akaibadilisha hapa na pale, kisha akaieneza.

Ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi pia mfukoni. Muziki wa mistari mitano ulihitaji mitambo maalumu ya kupiga chapa. Solfa ilihitaji herufi za kawaida tu. Wachimba makaa ya mawe wa Wales walijifunza jioni baada ya kazi, wakafanya mitihani na kupata vyeti. Mtu ambaye hakuwa na piano nyumbani aliweza kusoma teno ya Handel. Wamishenari nao wakazibeba herufi hizo hadi Madagaska, Afrika Kusini na huku kwetu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga kwa solfa mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo wimbo wa taifa wa Tanzania hadi leo.

Wawelisi wana mkutano wanaouita gymanfa ganu, yaani mkusanyiko wa kuimba. Makanisa ya eneo moja hukutana, watu wakaketi kwa sauti zao: soprano huku, alto kule, teno na besi vivyo hivyo. Hakuna kwaya mbele. Waumini wote ndio kwaya. Mwongozaji husimamisha wimbo katikati, akarudisha ubeti mara ya pili na ya tatu. Yeyote aliyekaa katika mazoezi yetu ya pamoja kabla ya Pasaka anaujua mkutano huo, pamoja na mzee wa besi anayevuta wimbo nyuma.

Hata hivyo makanisa mengi ya Wales yamefungwa, mengine yakageuzwa kuwa nyumba za kuishi, na kizazi kilichosoma solfa kimezeeka. Nasi tusiwaonee huruma kwa mbali. Vijana wetu hujifunza wimbo kwa kurekodiwa kwenye simu, na siwalaumu, maana wimbo hufika haraka. Lakini simu hukupa tu wimbo ambao mtu ameshauimba. Madaftari ya waanzilishi wa kwaya hii yana nyimbo ambazo hazikurekodiwa kamwe, na wanaoweza kuzisoma leo hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Mwalimu wetu amekubali kufundisha solfa nusu saa kabla ya mazoezi, kuanzia juma linalofuata yubilii. Madaftari yako katika kabati la vestri. Ufunguo anao katibu.