Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo hunijia kila nisomapo habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hadi Ujiji. Burton na Speke waliofika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857, walitegemea mabega ya wapagazi. Wanyamwezi wengi walifanya kazi hiyo kwa ujira, wakiwa watu huru. Wengine njiani humo walikuwa watumwa. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na shanga kurudi bara.

Frasila zimehesabiwa vitabuni. Kuhusu bega, twaambiwa tu kuwa watu hao walizoea. Je, mwili huzoea?

Jibu limechelewa kupatikana. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na Bertrand Coste, huko California, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walikuwa na seli zilizotoa umeme kidogo kila zilipobonyezwa kwa kijiti chembamba cha kioo. Wakazima jeni moja baada ya nyingine. Walipoizima ya 72, seli zikanyamaza. Ndivyo ilivyogunduliwa protini ya Piezo1, na Piezo2 ikafuata. Mwaka 2021 Patapoutian alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius.

Protini hizo ni milango midogo katika utando wa seli. Ngozi ikibonyezwa, utando huvutika, mlango hufunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia, na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Mlango wenyewe hujifunga upesi, kabla hata sekunde moja kwisha. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kusahau shati tulilovaa.

Mzigo si shati. Misuli inayovutika huendelea kuarifu muda wote, na maumivu ya bega lililochubuka yana njia zake. Mzoefu hujifunza kupima hatua na kuweka ngata ili uzito usambae. Ngata haipunguzi hata ratili moja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini vita vya 1914 hadi 1918 viliwatwisha watu mizigo upya, kwa maelfu. Tuandikapo habari zao, tuliache neno "walizoea". Uzito waliusikia, wakaenda nao: wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa ajili ya ujira na heshima ya mtu aliyefika pwani.