Mechi ya Marudiano

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi, na wanachuo wangu wakainakili madaftarini. Leo, nikiwa nimevuka miaka sabini, nakiri kwamba siku iliponihusu mimi sikuifuata.

Chuo cha ualimu nilichokiongoza kilikuwa na seti moja tu ya sataranji; kete iliyopotea tuliiwekea kizibo cha soda. Jioni moja mwanachuo wa mwaka wa kwanza alinishinda mbele ya wenzake. Nikacheka, nikampa mkono. Kesho yake akabisha hodi ofisini: "Shikamoo Mkuu. Naomba tucheze tena, unionyeshe nilipokosea." Nikamwambia nina kazi nyingi. Nilimjibu hivyo hivyo mpaka alipohitimu.

Baadaye nilisoma habari za mabingwa watatu wa dunia wa mchezo huo, nikajiona humo.

Wa kwanza ni Capablanca wa Cuba. Tangu 1916 hadi 1924 hakushindwa hata mchezo mmoja wa mashindano, mpaka Réti alipomwangusha New York. Mwaka 1927, mjini Buenos Aires, alikutana na Alekhine, mzaliwa wa Urusi ambaye hakuwa amemshinda hata mara moja. Alekhine alikuwa ameichambua michezo ya mpinzani wake kwa uvumilivu, akitafuta nyufa. Baada ya michezo 34 alikuwa ameshinda 6 na kushindwa 3. Iliyobaki 25 ilikuwa sare. Capablanca alitaka marudiano. Masharti yakabishaniwa miaka nenda miaka rudi, na marudiano hayakufanyika hadi alipofariki mwaka 1942.

Wa tatu ni Euwe wa Uholanzi, mwalimu mwenzetu, aliyefundisha hisabati katika shule ya wasichana mjini Amsterdam. Mwaka 1935 alipambana na Alekhine, na mwanzoni aliachwa nyuma kwa pointi tatu. Hakutaharuki. Alisogea hatua kwa hatua, akatwaa taji kwa pointi 15 na nusu dhidi ya 14 na nusu. Alekhine alipotaka marudiano, mwalimu huyu alimpa. Mwaka 1937 akavuliwa taji, 15 na nusu kwa 9 na nusu. Mwaka 1948, katika mashindano ya watu watano ya kumpata bingwa mpya, alikuwa wa mwisho. Hata hivyo hakuukimbia ubao. Tangu 1970 hadi 1978 alikuwa rais wa shirikisho la sataranji duniani.

Taji la Euwe lilidumu miaka miwili tu, lakini kati ya hao watatu ndiye ninayemheshimu zaidi.

Kijana unayecheza, ukishindwa usizizoe kete kwa hasira. Mpe mwenzako mkono, kisha mwombe mpitie mchezo upya tangu mwanzo. Andika hatua zote. Usilitafute kosa la mwisho, kwani hilo kila mtu aliliona. Tafuta la kwanza. Aliyefungwa katika hatua ya 40 huenda alipotea katika hatua ya 12. Usicheze mwingine usiku huo huo ili kulipiza kisasi, kalale kwanza. Na ukishinda, usimnyime mwenzako marudiano, kwani mlango unaomfungia yeye unajifungia na wewe.

Kuhusu yule mwanachuo, kushindwa kwangu kulikwisha uma siku nyingi. Kinachoniuma ni kwamba alitoka kwangu akaenda kufundisha watoto, huku somo la mwisho alilolipata kwa mkuu wake likiwa hili: mkubwa akishindwa, hujifungia ofisini.