Bomba la Lava, na Chakula cha Msafara

Volkano ikitoa lava nyepesi, ile inayotiririka kama uji, uso wa mkondo hupoa kwanza na kuganda. Chini ya gamba hilo lava huendelea kwenda ikiwa bado ya moto, kwa kuwa mwamba ulioganda juu yake unazuia joto lisitoke. Chemchemi ya lava inapokatika, iliyobaki ndani humwagika mbele na kuacha uwazi mrefu wenye paa. Uwazi huo ndio bomba la lava.

Wapo wanaoandika "mfereji wa lava". Sikubaliani nao, kwa sababu mfereji uko wazi juu, na hapa paa ndilo jambo lenyewe. "Handaki" nalo huchimbwa. Wapo pia wanaosema zaha badala ya lava, na hilo halina ubaya. Ila "pango la lava" peke yake halitoshi. Pango la Kitum katika Mlima Elgon limo ndani ya mlima wa volkano, lakini liko kwenye mwamba wa majivu, na tembo wamelichimbua kwa karne nyingi wakitafuta chumvi. Mahali mtu anapoingia kwa miguu napendekeza tuseme pango la bomba la lava. Afrika Mashariki tunayo ya kweli: Leviathan katika vilima vya Chyulu, Kenya, lenye urefu unaozidi kilomita 10, mapango ya Suswa, na ya Musanze nchini Rwanda.

Mapango haya yamewahi pia kuwa ghala la chakula. Katika nyanda za Mto Snake, Idaho, Marekani, wawindaji wa kale walihifadhi nyama ya nyati ndani ya mapango ya aina hii. Hewa nzito ya majira ya baridi hushuka shimoni, na hewa nyepesi ya kiangazi haiwezi kuisukuma itoke, hivyo barafu hudumu mwaka mzima.

Je, Tabora, mji wa misafara ya zamani nchini Tanzania, una pango kama hilo? Hauna. Mji umekaa juu ya matale yenye umri unaopita miaka bilioni 2. Na hata lingekuwepo, lisingefaa. Pasipo majira ya baridi kali, pango lenye kina hushika wastani wa joto la mwaka wa mahali lilipo, na kwa Tabora wastani huo ni nyuzi 23 hivi, joto wanalolipenda fukusi. Unyevunyevu wa chini ungeongeza ukungu.

Hata hivyo chakula kilihitajika kwa wingi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, palikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walipumzika hapo na kununua mtama na mahindi kwa safari iliyobaki. Wanyamwezi, ambao wengi wao ndio walikuwa wapagazi wenyewe, walitegemea ukavu. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza vikawa matobolwa. Nafaka iliwekwa kwenye vihenge na kwenye vilindo vya gome. Ili kutengeneza kilindo, gome la mti wa miombo hukatwa kwa mizunguko miwili, likapasuliwa kwa urefu na kubanduliwa likiwa zima, kisha kingo zikashonwa pamoja na kutiwa kitako na kifuniko. Mafundi wa mizinga ya nyuki wa Tabora hubandua gome kwa namna hiyo hiyo.

Ukavu nao una mpaka wake. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hutoboa hata mahindi makavu kabisa. Ndiyo maana leo mkulima anashauriwa kupukuchua mahindi, kuyakausha, kisha kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mdudu afe kwa kukosa oksijeni.

Nawaomba wanaoandika vitabu vya jiografia waingize bomba la lava kwenye faharasa zao, na wakifika sura ya hifadhi ya chakula, wasikiache kilindo.