Pini namba mbili ni ipi? Historia ya makubaliano yaliyoshikwa kwa risasi

Chukua plagi ya waya wa maikrofoni, ile ya chuma unayoiona harusini, misibani na kwenye mikutano ya hadhara. Ifungue. Ndani utakuta waya tatu, kila mmoja umeshikwa kwa tone la risasi, na pembeni ya kila tone kuna namba ndogo mno: 1, 2, 3. Wengi wetu tunatumia vifaa hivi miaka na miaka bila kujua kwamba namba hizo zipo. Fundi anayezisoma ndiye tunayemlipa.

Leo tuzitazame namba hizo kihistoria. Hoja yangu ni fupi: konekta yenye pini nyingi ni makubaliano kabla ya kuwa kipande cha chuma. Risasi inashika waya, sawa. Lakini kinachofanya kifaa cha Ujerumani kielewane na cha Japani juu ya meza ya fundi wa Chamazi ni watu wasiojuana kukubaliana kwamba pini ya pili kazi yake ni hii. Makubaliano yakiwa wazi, fundi anakula na wewe unabaki na redio yako. Yasipokuwepo, gharama inakuja kwako.

Waya mmoja hauna swali

Tuanzie pwani yetu wenyewe. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji na hatimaye Durban. Kampuni iliyoiendesha iliitwa Eastern and South African Telegraph Company. Ukiikata kebo ya aina hiyo, katikati unakuta njia moja tu ya shaba, imezungushiwa utomvu mgumu wa miti ya Asia ili maji yasiingie. Njia ya pili ya umeme, ile ya kurudi, ilikuwa bahari yenyewe.

Mafundi wa kebo walilehemu shaba kwa shaba, wakafunika, wakaishusha majini. Kazi ngumu, lakini angalia jambo moja: hakuna aliyehitaji kuuliza waya upi uende wapi. Palikuwa na mmoja tu. Swali la "pini namba mbili ni ipi?" lilizaliwa pale waya zilipoongezeka ndani ya ganda moja.

Namba zinazoruka

Njoo sasa kwenye redio. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na redio kaseti au santuri ya Ulaya, Philips au Grundig kwa mfano, huenda nyuma yake uliona tundu la duara lenye vitundu vitano vilivyojipanga kama nusu mwezi. Inaitwa DIN, kwa kifupi cha taasisi ya viwango ya Ujerumani.

Sasa ukihesabu pini zake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, unategemea 1, 2, 3, 4, 5. Hupati hivyo. Unapata 1, 4, 2, 5, 3. Mwanafunzi wa ufundi anayekutana nayo mara ya kwanza hudhani aliyezipanga alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Konekta hiyo ilianza na pini tatu tu, enzi za sauti ya mono: 1 ya kurekodia, 2 ya ethi, 3 ya kusikilizia. Stirio ilipokuja, ikahitajika njia ya pili ya kurekodia na ya pili ya kusikilizia. Wahandisi hawakuzing'oa zile za zamani. Walichomeka namba 4 na namba 5 katika nafasi zilizobaki, moja kila upande wa ile ya katikati.

Faida yake? Plagi ya zamani ya pini tatu iliendelea kuingia kwenye tundu jipya la pini tano na kufanya kazi. Mwenye kifaa cha mono hakuambiwa atupe. Kwa hiyo mpangilio huo unaoonekana wa ovyo una heshima ndani yake: uliwakumbuka waliokuwa wameshanunua.

Pale makubaliano yalipoteleza

Si kila mara mambo yalikwenda vizuri hivyo. Mwaka 1952 kampuni ya Cannon ya Marekani ilitoa konekta yenye umbo la herufi D, ile uliyoiona nyuma ya kompyuta za zamani. Mwaka 1960 kikatolewa kiwango cha RS-232 cha mawasiliano kati ya vifaa, na baadaye konekta ya D yenye pini 25 ikawa mwenza wake wa kawaida. Kwa upande wa kompyuta, pini ya 2 ilituma na ya 3 ilipokea.

Kisha mwaka 1984 IBM wakaleta kompyuta yao ya PC/AT ikiwa na konekta ndogo ya pini 9 kwa kazi ileile. Humo, pini ya 2 inapokea na ya 3 inatuma. Zimebadilishana! Maana yake, ukitengeneza adapta ya kutoka pini 25 kwenda pini 9, ukaunga 2 kwa 2 na 3 kwa 3 kwa uaminifu kabisa, umelehemu vizuri na haifanyi kazi.

Huku kwetu kompyuta ziliingia kwa kusuasua. Ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Kwa hiyo fundi wengi wa Dar es Salaam walijifunza pini nyingi kupitia redio na vipaza sauti, muda mrefu kabla ya kuigusa kompyuta.

Na vipaza sauti navyo vilikuwa na ugomvi wake. Ile plagi ya maikrofoni tuliyoifungua mwanzoni inaitwa XLR, nayo ni ya ukoo wa Cannon. Pini 1 ni ethi. 2 na 3 zinabeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Lakini ipi chanya? Kwa miaka mingi baadhi ya watengenezaji walisema 2, wengine 3. Ukiwa na maikrofoni moja husikii tofauti. Ukiweka mbili jirani, moja imeungwa hivi na nyingine vile, mawimbi yao yanauana: sauti inakuwa nyembamba, besi inapotea, na mwenye shughuli anamlaumu MC. Chama cha wahandisi wa sauti duniani, AES, kiliandika jibu kwenye kiwango cha mwaka 1992: chanya ni pini ya 2. Mechi inaporushwa kutoka uwanja wa Azam Complex pale Chamazi, na harusi inapopiga muziki mitaa miwili mbele, zote mbili zinaegemea jibu hilo hilo.

Risasi yenyewe

Mafundi wetu wanasema "kupiga risasi" bila kumtisha mtu. Jina hilo ni sahihi kikemia. Risasi ya kulehemu ya zamani ni mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Bati peke yake linayeyuka nyuzi 232 za Selsiasi, risasi peke yake 327. Ukizichanganya kwa kiwango hicho zinayeyuka kwa 183 tu, na zikipoa zinaganda mara moja bila kupitia hali ya uji. Ndiyo maana kiungo kinatoka king'avu na imara hata kwa chuma cha kulehemu cha bei rahisi.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ilizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda duniani vikafuata. Mchanganyiko mpya wa bati, fedha kidogo na shaba kidogo unayeyuka karibu na nyuzi 217. Fundi anahitaji joto zaidi, kwenye plastiki ileile inayolainika haraka.

Hapa kuna jambo la afya, na usilipuuze. Ule moshi unaopanda wakati wa kulehemu si mvuke wa risasi. Joto la kulehemu liko mbali mno na linalohitajika kuchemsha risasi. Moshi huo unatokana na rozini, utomvu wa msonobari unaosafisha chuma, na unaweza kuleta pumu kwa anayeuvuta kila siku. Risasi yenyewe inaingia kwa njia nyingine: vidole, kisha mdomoni. Fundi anayelehemu, akala chipsi palepale bila kunawa, anakula risasi. Mtoto anayecheza chini ya meza yake yuko hatarini zaidi, kwa sababu risasi inadhuru ubongo unaokua. Dirisha wazi, feni ndogo na sabuni ni kinga ya bei nafuu.

Kutoka kobe hadi pini 24

Unaikumbuka chaja ya kobe? Ilikuwa na viguso viwili vya kusogeza, unatoa betri ya simu, unaibana humo, unachomeka ukutani. Kobe lilikuwa jibu la mtaani kwa ulimwengu usio na makubaliano. Nokia ilikuwa na pini nene, kisha nyembamba. Samsung na yake, Motorola na yake. Kobe likaziruka konekta zote, likaenda kwenye betri moja kwa moja.

USB iliyotoka mwaka 1996 ilikuwa na waya nne zenye rangi zinazojulikana: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi. USB-C iliyotangazwa mwaka 2014 ina viguso 24, safu mbili za 12, ndiyo maana unaichomeka upande wowote. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima ziwe nayo. Sheria hiyo haifiki Kariakoo, ila simu zinatoka viwanda vilevile.

Kwa fundi, habari hii ina pande mbili. Kwenye konekta ya D, pini moja na jirani yake zimeachana karibu milimita 2.8. Kwenye USB-C ni milimita 0.5. Jicho na chuma cha kawaida havitoshi. Inahitajika lenzi, ncha nyembamba na hewa ya moto. Na waya wa USB-C wa kwenda kwenye USB ya kawaida unahitaji rezista ya kiloomu 56 ndani ya plagi. Ukiweka ya 10, simu inaambiwa kwamba inaweza kuvuta ampea 3, na chaja dhaifu inaungua. Upande wa pili ni mzuri: maelezo hayo yote yamechapishwa, na yeyote anaweza kuyapakua bure.

Ukitaka kujaribu

Kabla ya kukata plagi ya zamani, piga picha na andika rangi ya waya dhidi ya namba ya pini. Kumbuka kwamba unalehemu upande wa nyuma, kwa hiyo mchoro wa mbele umegeuka kama kwenye kioo. Kosa hili linaunguza vifaa vingi kuliko risasi mbaya. Vesha ganda kwenye waya kwanza, ndipo ulehemu. Chomeka plagi kwenye tundu lake unapofanya kazi, ili plastiki ikilainika pini zisipinde. Paka risasi waya na pini kila kimoja peke yake, kisha vikutanishe kwa joto la sekunde chache. Mwisho, pima kwa mita kila pini dhidi ya zote zilizobaki, si mwenzake tu.

Na ukipita barabara ya Rangi Tatu kwenda Mbande ukamwona fundi ana kikaratasi chenye namba kimebandikwa ukutani, msomee vizuri. Ni nakala ya mkataba uliosainiwa mbali sana, na yeye ndiye anayeutekeleza.