Taa ya upepo isiyozimika: geji kwanza, sensa baadaye

DEREVA wa Kikwajuni, mjini Unguja, aliyejaza upepo mipira yote minne kwa fundi pancha na bado akaiona taa ya manjano yenye umbo la mpira na alama ya mshangao ikiwaka kwenye dashibodi, hana budi kuichunguza inavyowaka kabla ya kuilaumu pampu.

Ikiwaka mfululizo, maana yake upepo umepungua katika mpira mmoja au zaidi. Ikipepesa kwa dakika moja hivi baada ya gari kuwashwa, kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu, na hapo upepo wowote utakaoongezwa hautaizima.

Hata hivyo, kazi huanzia kwenye geji. Mipira hupimwa ikiwa baridi, kabla ya safari, na kiwango husomwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kilopaskali ilhali geji nyingi za mitaani husoma psi: 220 ni takriban 32, na 240 ni takriban 35. Namba iliyochapwa ubavuni mwa mpira ni kikomo cha juu, si kiwango cha gari. Mpira wa akiba nao upimwe, kwani baadhi ya magari makubwa ya Toyota na Lexus yana sensa humo pia.

Iwapo upepo ni sahihi, hutazamwa aina ya mfumo. Baadhi ya magari hayana sensa ndani ya mpira. Hukisia upungufu kwa kulinganisha mzunguko wa magurudumu. Hayo huhitaji kuwekwa upya kwa kitufe au menyu kila upepo unaporekebishwa. Kubonyeza kitufe hicho huku mipira ikiwa laini ni kuufundisha mfumo uongo.

Mengine yana sensa kwenye nozeli, yenye betri ndogo inayodumu kati ya miaka 5 na 10, na kwa kawaida betri hiyo haibadilishwi peke yake. Gari lililoingia Unguja likiwa limekwishatumika huweza kufika na sensa zilizo ukingoni. Sensa mpya lazima ilingane na masafa ya gari, ambayo kwa kawaida ni megahezi 315 kwa magari ya soko la Marekani na 433 kwa ya Ulaya, na mara nyingi lazima isajiliwe kwa kompyuta. Fundi pancha naye aambiwe mapema kuna sensa, maana chuma cha kubandulia mpira huivunja kwa urahisi. Chumvi ya bahari hula nozeli za alumini; kofia za plastiki zinafaa kuliko za chuma.

Marekani ilipitisha sheria iliyoleta taa hii mwaka 2000, baada ya vifo vilivyohusishwa na mipira ya Firestone. Kuifunika kwa gundi, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Hadi sensa ipatikane, geji itumike kila wiki, na kila mara kabla ya safari ya Nungwi au Makunduchi.